Mkwe wa Siku Moja

"Ukikatwa na kioo chenye damu ya mtu usiyemjua, una muda wa saa ngapi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Mama Taaka siku nilipokwenda kuomba kazi, na sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi minne nyuma, na shahada ya sayansi ya mazingira ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki ili vumbi la Busia lisiifikie. Nikasema inategemea. Akaniuliza inategemea nini. Nikasema inategemea mambo mengi, kisha nikamuuliza mimi kwa nini anataka kujua saa badala ya kuuliza kuhusu kinga, na kama swali lenyewe limeandikwa na mtu anayejua jibu. Aliinama akaandika kitu kwenye daftari lake. Wiki kadhaa baadaye nilichungulia nikakuta ameandika: "Hajui, lakini anabisha. Aanze kesho."

Tulimzika mwezi uliopita. Presha ilimchukua akiwa shambani kwake, na watu waliosimama kuzungumza walimwita mama mpole aliyekuwa akifagia barabara. Nilisikiliza nikitaka kuruka kutoka kwenye kiti. Mpole? Kufagia? Nilifanya kazi na mwanamke yule mwaka mmoja tu, na nikitazama nyuma naona kwamba kila jambo ninalolifanya leo, hata namna ninavyovuka barabara, limetoka katika mwaka ule. Basi nitausimulia mwenyewe, maana pale makaburini hakuna aliyeusimulia.

Ofisi yetu ilikuwa stoo nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, upande wa Uganda wa mpaka wa Busia, hatua chache kutoka soko. Kinu kilipowashwa ukuta mzima ulitetemeka na vikombe vikatembea vyenyewe juu ya meza. Unga ulielea hewani, ukachanganyika na harufu ya klorini, na hadi leo nikipita karibu na kinu chochote moyo wangu unaanza kwenda mbio kama mtu aliyeitwa kazini. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya vumbi la mbao tuliyochukua kwa maseremala, koni za rangi ya machungwa, koleo za kuokotea vioo, na mifuko myekundu ya taka za hatari. Upande wa pili, jiko la mkaa na sufuria mbili. Tulikuwa watatu. Mama Taaka, Msamia aliyewahi kuwa mfagizi wa wodi hospitalini, ndiye aliyetuongoza. Opendi, Mjopadhola wa Nabuyoga, alikuwa utingo wa malori kabla ya kuja kuendesha pikapu yetu. Na mimi, Athieno, ambaye Opendi hakuwahi kuniita hivyo, aliniita Digrii. Ajali ikitokea polisi walipiga simu, majeruhi na maiti wakaondolewa, na sisi tukafika kuondoa kile ambacho watu wengine wote walikiruka au kukifukia kwa mchanga kidogo na kwenda zao.

Watu huniuliza kama kazi ile haikunihuzunisha. Ilinihuzunisha, lakini ukweli ambao sijawahi kuuona aibu ni kwamba ilinisisimua kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya. Kila ajali ilikuwa na maswali hamsini. Kwa nini hapa na si pale kwenye kona mbaya zaidi? Mvua ikinyesha damu hii inakwenda wapi, na ng'ombe wa nani wanakunywa kule bondeni? Mama Taaka alikuwa na utaratibu wake, na nilipoulizia sababu ya kila hatua hakukasirika. Vioo na vyuma kwanza, kwa koleo, kamwe si kwa vidole. Kisha vumbi la mbao juu ya damu, subiri linyonye, zoa, funga mfuko. Ndipo klorini, na baada ya klorini kusubiri tena, jambo ambalo Opendi alilichukia kuliko yote. Na juu ya hayo kulikuwa na sheria ambayo sijaiona mahali pengine: katika kila ajali mmoja wetu alikuwa "mikono safi". Huyo hakugusa kitu. Alitazama magari, aliwanywesha wenzake maji kama watoto, aliwafuta jasho, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama mikono ya wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipeana zamu. Mwanzoni niliona ni njia ya kumpumzisha mtu mmoja bure.

Mwezi wa tatu nilishinda hoja yangu ya kwanza. Opendi alikuwa akichanganya klorini asubuhi katika chupa za plastiki nyeupe na kuzipanga nyuma ya pikapu, juani, tayari kwa siku nzima. Nikasema ikifika alasiri ile ni maji tu. Akacheka, akafungua chupa, akaninusisha. "Digrii, wewe nasoma kitabu, mimi nasoma chupa. Hii iko na nguvu." Nikamwambia pua si kipimo. Tukachanganya chupa mbili, moja tukaiweka juani na nyingine chini ya meza, na jioni tukatumbukiza katika kila chupa kipande cha jezi yake ya mpira, nyekundu, ambayo yeye mwenyewe aliikata kwa kisu kwa jinsi alivyokuwa na uhakika. Kipande cha chini ya meza kilitoka kimepauka kama karatasi. Cha juani kilitoka chekundu vilevile, safi, kama kimefuliwa kwa ajili ya mechi. Mama Taaka alikaa kwenye gunia akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Tangu siku ile tulichanganya dawa tukiwa palepale kwenye ajali, na Opendi akawa ananiletea vitu vingine vya kupima, hata chai ya mama wa jirani aliyoishuku kuwa ina maji mengi.

Chakula cha mchana tulikula pamoja. Mara nyingi kilikuwa kalo, ule ugali wa wimbi na muhogo, pamoja na dagaa ambao Opendi aliwaita mukene na mwenye kinu, Mkenya, aliwaita omena, na kila mmoja alishikilia kwamba wa upande wa mwenziwe wana mchanga. Samaki walewale, kutoka ziwa lilelile, pengine mtumbwi uleule. Niliwauliza wanajuaje. Wote wawili wakanitazama kwa huruma.

Ajali ninayotaka kuisimulia ilitokea Jumanne, mbele kidogo ya Mukuju. Lori lilikuwa limeharibika pembeni tangu Jumapili, nusu yake ikiwa barabarani, na utingo akawa amefanya kile wanachofanya wote: akakata matawi akayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Kufikia Jumanne matawi yalikuwa yamekauka, yana rangi ya lami na vumbi. Gari dogo likayapita likaingia chini ya lori. Tulipofika, saa tisa hivi, abiria wawili walikuwa wamekimbizwa hospitali wakiwa hai. Siku hiyo mikono safi nilikuwa mimi. Na mimi, badala ya kutazama mikono, nilikuwa natazama matawi. Nilikuwa nimepata swali. Nilihesabu hatua kutoka tawi la kwanza hadi nyuma ya lori: kumi na moja. Nikazihesabu tena. Dereva mwenye mwendo wa kawaida anahitaji hatua ngapi kusimama? Si kumi na moja. Nilitoa kalamu, nikachora barabara, nikaweka mishale. Kila dereva wa nchi hii anaamini yale matawi, na hakuna aliyewahi kuuliza yawekwe umbali gani. Nilijihisi nimeshika jambo kubwa, na kweli nilikuwa nimelishika. Leo ndilo ninalowafundisha madereva wa malori, hatua mia moja na matawi mabichi kama huna kibao. Lakini wakati nachora, nyuma yangu simu ilikuwa inaita ndani ya lile gari.

Kanuni ilikuwa simu zinazoita kwenye mabaki ni za polisi. Opendi aliniambia baadaye kwamba iliita mara sita. Kwenye kioo chake paliandikwa "Mama". Mara ya saba alivua glavu, kwa sababu kioo cha simu hakisikii glavu, akapitisha mkono dirishani akaipokea, akamwambia huyo mama kwa Kiswahili chake kwamba mtoto yuko hai, aende hospitali ya Tororo. Alipotoa mkono, kipande cha dirisha kilikuwa kimeingia kwenye kiganja, na mkono wote ulikuwa na damu, ya kwake na isiyo ya kwake. Ilikuwa saa kumi kamili. Aliiona kwenye simu ileile. Alikwenda nyuma ya pikapu. Alikamua kidonda, akamimina klorini isiyochanganywa juu yake, akafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akavaa glavu nyingine. Mimi nilirudi nikiwa na daftari langu nikawaambia nimegundua jambo.

Siku ya Ijumaa, mchana, tulikaa kula. Mama Taaka alikuwa amesonga kalo. Opendi akaomba kijiko.

Asiyejua watu wetu hawezi kuelewa uzito wa kijiko kile. Mjopadhola kuomba kijiko ale kalo ni kama mtu kuomba uma anywe chai. Mama Taaka aliacha kutafuna. Akamwambia atoe mkono mezani. Opendi akasema ameungua na bomba la pikapu. Akamwambia tena atoe mkono, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini sana hata nikajikuta nimeweka mikono yangu mwenyewe juu ya meza. Tyubu ilipofunguliwa, kiganja kilikuwa kimevimba na ngozi imebabuka kwa klorini.

"Lini?"

"Jumanne."

"Saa ngapi, Opendi?"

"Saa kumi."

Mama Taaka aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Ndipo nilipopata jibu la swali la siku ya kwanza, si kwa kuambiwa bali kwa kumwona akihesabu kwa vidole: Jumatano saa kumi, Alhamisi saa kumi, Ijumaa saa kumi. Siku tatu. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zikianzwa kabla ya hapo zinaweza kumwokoa, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Zikichelewa kupita hapo hawakupi, kwa sababu hazisaidii. Tulikuwa na chini ya saa tatu, na nilijua kwa nini. Mtu aliyepewa kazi ya kutazama mikono ile alikuwa anachora mishale.

Opendi alikataa. Hakubisha kwa hasira. Alieleza kwa utaratibu kama mtu anayehesabu koni. Hospitali ya Tororo, anayetoa dawa ni binamu wa mke wake. Kituo cha hapa Busia, mke wake anauza mitumba mbele ya geti. "Ile chumba watu yote najua iko ya nini. Nikiingia tu, kabla mimi natoka, Nabuyoga nzima imesikia. Bibi naniuliza umelala na nani. Mimi nasema kioo. Wewe naweza amini kioo?" Nikamwambia ningeamini. Akanitazama. "Digrii, wewe haujawahi kuamini kitu." Nilianza kumpa takwimu, nikaona mdomo wangu unatembea na maneno hayafiki popote. Akaniambia kama nina uhakika nimpimie kwa kipande cha jezi, kama ile siku. Sikuwa na jezi ya kupimia jambo hili. Nilikuwa na saa ya ukutani tu.

Mama Taaka alikuwa ameshajifunga leso na kuchukua kikapu chake. "Tunavuka," alisema.

Sijui niwaeleze vipi furaha ya ajabu iliyonishika tulipokuwa tunakimbia kuelekea mpakani, furaha iliyochanganyika na hofu hadi sikuweza kuzitenganisha. Tulipita kati ya malori yaliyopanga foleni, kati ya akina mama wenye trei za mayai kichwani, Mama Taaka mbele akitumia kikapu kama bampa ya lori. Wakati wa kuvuka alinunua ndizi mbichi, kichane kizima, bila kupatana bei. Nilimuuliza za nini. Akasema mtu anayetoka Kenya mikono mitupu anaulizwa alikwenda kufanya nini. Na upande wa pili, katika kituo cha afya chenye ukuta wa kijani, nilikutana na jambo ambalo chuoni hakuna aliyenifundisha: nusu ya benchi walikuwa Waganda. Wote walikuwa wamevuka ili wasionekane. Opendi aliingia, akamwona mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao amekaa pembeni. Wakatazamana.

"Opendi. Umekuja kununua mbolea?"

"Mbolea, ndiyo. Na wewe?"

"Mbolea."

Wakapeana pole kwa bei ya mbolea. Wanawake wawili wa Kenya waliokuwa wanasubiri kupimwa mimba wakaanza kucheka wakijificha kwa leso, na mmoja akamwambia mwenziwe kwamba watu wa kijiji chao nao wote huenda Uganda kutafuta mbolea hiyohiyo.

Lakini chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, na benchi lake lilikuwa peke yake. Kulifikia benchi lile ni kama kupanda jukwaani. Opendi alifika katikati ya korido akasimama. Ubishi na foleni ya mpakani vilikuwa vimekula saa nzima na zaidi; ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Aligeuka. Nikamshika shati, akanitoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, kwa mkono wake mzima.

Mama Taaka alitupita sote wawili. Alikwenda hadi lile benchi, akakaa katikati, akaweka kikapu miguuni, na kwa sauti ya kusikika hadi getini akamwambia muuguzi aliyekuwa mlangoni: "Mimi ndiye mgonjwa. Huyo kijana ni mkwe wangu, amenisindikiza."

Muuguzi alimtazama Opendi. "Sasa mkwe, unamwacha mama peke yake?"

Nilimwona Opendi akinaswa. Huku kwetu mwanamume hamkimbii mama mkwe wake akiwa mgonjwa. Anaweza kumkimbia mke, anaweza kumkimbia polisi, lakini si mkwe. Wala hamsogelei. Alitembea hadi kwenye benchi, akakaa ukingoni kabisa, nusu ya mwili nje, macho chini, akiacha pengo la heshima ambalo watu watatu wangeenea. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayeweka mguu kwenye breki. Wale waliokuwa wanatutazama walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakaacha kutazama. Hakuna mtu ulimwenguni angeweza kuigiza pengo lile. Mwimbaji wa kwaya mwenyewe alimtazama kwa macho mapya, nadhani akijiuliza Opendi ameoa lini mke wa pili.

Waliitwa saa tisa na dakika ishirini. Mkwe alimtanguliza mama, akaingia akitembea ubavuubavu. Nilibaki nje nikiwa nimeshika ndizi. Sijawahi kuitazama simu kama nilivyoitazama siku ile; nilizima data ili isipoteze chaji, kana kwamba chaji ikiisha na saa zitasimama. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika thelathini na saba. Saa tisa na arobaini na mbili mlango ulifunguliwa, Opendi akatoka na kikombe cha plastiki mkononi, kitupu, akafungua mdomo akanitolea ulimi kunionyesha kwamba amemeza.

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamwomba msamaha kwa ajili ya mishale. Akasema, "Lakini matawi iko karibu sana, hiyo ni kweli." Mama Taaka alitoka nyuma yake, naye ana bahasha ya kahawia ya dawa, akaisukuma chini ya ndizi. Tulipofika kwenye kibanda cha soda tulishindwa kusimama kwa kicheko. Opendi alisema mama ameigiza hadi serikali ya Kenya imemwamini na kumpa vidonge vya bure. "Nikianza kitu nakimaliza," alijibu, akanywa soda yake yote bila kupumzika.

Siku ishirini na nane zilizofuata nilikuwa mikono safi wa Opendi kuliko nilivyowahi kuwa barabarani. Kila saa tisa na dakika arobaini na mbili nilisimama mbele yake hadi ameze. Siku ya tano mke wake alisikia kichupa kikilia mfukoni mwa suruali, akauliza, na Opendi akamwambia habari ya kioo na simu na yule mama aliyekuwa anapiga. Aliamini. Alichomlaumu ni kwamba hakumwambia huyo mama jina la wodi. Baada ya miezi mitatu walimpima mara ya mwisho, akiwa mzima kabisa, na Mama Taaka akasonga kalo, na Opendi akala kwa mkono wa kulia, akichota matonge makubwa kuliko adabu.

Mwezi uliopita, baada ya mazishi, binti wa Mama Taaka aliniita chumbani nimsaidie kupanga makaratasi ya mama yake, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Chini ya nguo kulikuwa na daftari la kliniki, la kituo kile cha ukuta wa kijani, limechakaa kingo, lenye miaka mingi ya tarehe. Ile Ijumaa ya Opendi ilikuwamo, mstari mmoja kati ya mistari mingi: amekuja, amepewa dawa zake za kawaida. Nikafungua ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa wa zamani kuliko kinu, kuliko pikapu, kuliko sisi sote. Muuguzi fulani alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba mgonjwa ni mfagizi wa wodi, kwamba alichomwa na sindano ndani ya mfuko wa taka Jumatatu asubuhi, na kwamba hakumwambia mtu yeyote hadi Ijumaa.